Jina la Nani Kwenye Hati

Jumanne, 10 Septemba 2024

Mkutano wa kijiji ulikuwa uanze saa tatu, umeanza saa nne na nusu. Afisa ardhi kutoka Muleba mjini alikuja kueleza upimaji wa mashamba na hati za hakimiliki ya kimila. Alieleza vizuri, bila haraka. Mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja, binti anaweza kuomba hati kwa jina lake, mjane hana haja ya kumsubiri shemeji. Mwishoni akauliza: nani hapa anakubali kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa mbele ya sheria? Mikono ikapanda uwanja mzima, hata ya wazee wa benchi la mbele.

Akainua fomu. Nani yuko tayari kuandikwa pamoja na mke wake kwenye kibanja anachokaa leo?

Mikono miwili. Katekista, na kijana mmoja aliyeoa mwaka jana.

Mzee mmoja akasimama, mtu anayeheshimika, si mlevi wala mgomvi. Akasema: "Sheria naiheshimu. Lakini kibanja changu kina makaburi matano. Babu yangu yupo pale, baba yangu yupo, na watoto wangu wawili. Mimi nikifa, mke wangu akaolewa na mtu mwingine akamleta pale, huyo bwana atatembea juu ya baba yangu kwa hati ya serikali?"

Alipigiwa makofi kuliko mtu yeyote leo. Afisa akamjibu kwa vifungu, na vifungu vyake vilikuwa sahihi kabisa, lakini aliyeulizwa habari za makaburi alijibu habari za fomu.

Nimeandika maneno ya mzee yule kama alivyoyasema kwa sababu naona wanaotutembelea na semina hawayasikii. Wanadhani mwanamume wa hapa anakataa kwa jeuri tu. Wako wa jeuri. Lakini huyu anaogopa jambo analolijua, na asipojibiwa hilo, ataendelea kuinua mkono mkutanoni na kuushusha nyumbani kwake.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepita kununua mafuta ya taa, nikakuta mjadala wa mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 iliyosimamishwa mwaka jana na sasa inarudi. Nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Fundi baiskeli mmoja, ana hamsini na kitu, akaniita: "Mwalimu, njoo unisaidie. Mimi si mwanamke, si kijana, na namshukuru Mungu viungo vyangu vizima. Niko kundi gani?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Ana watoto watano na bomba la kupulizia dawa ambalo analiazima. Nilimwambia ukweli: hayumo. Nikamwambia pia kwamba benki ikitaka dhamana, mwenye kibanja ni yeye, mkewe hana, na ndiyo maana fungu lile likatengwa. Alinisikiliza. "Basi mngesema hivyo," akasema. "Sisi tunaambiwa tu wanawake wapewe. Hatuambiwi kwa nini."

Hilo nimelisikia mara nyingi. Sera inafika kijijini ikiwa amri, sababu zake zimebaki Dodoma. Kisha kila aliyeikosa anajaza sababu yake mwenyewe.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya misa nilikaa na wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nilitaka kusikia wao wanasemaje, maana kwenye mkutano walikaa nyuma na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza.

Nilichosikia kimenikalia vibaya, si kwa sababu ni kigeni kwangu, bali kwa sababu ni kweli. Wa kwanza, mama wa watoto sita, alisema hawezi kumwambia mumewe waandikwe wote. Atauliza, unangoja nife? Neno hilo likishatoka ndani ya nyumba halirudi. Wa pili alisema mume wake hana neno, ila mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe hakuandikwa popote maisha yake yote, na sasa anaona mkamwana anataka kuingia kwa karatasi mahali yeye alipoingia kwa jasho.

Wa tatu ndiye aliyesema lililonyamazisha wengine. Ameachika, amerudi kwao. Kaka yake amempa chumba na kipande cha kulima maharage. "Nikienda kudai fungu langu kwa baba, nitapata fungu, kaka nitamkosa. Siku nikiugua, fungu litanipeleka hospitali?"

Wanaotoka nje huandika kwenye ripoti zao kwamba wanawake hawajui haki zao. Hawa wanaijua haki yao vizuri na wanajua bei yake. Mwanamke aliyeolewa huku kwetu hukaa kwa watu wawili, mume na kaka. Ndoa ikivunjika, mlango unaobaki ni wa kaka. Basi anayemdai kaka yake urithi anaufunga mlango huo kwa mkono wake, na hakuna kifungu cha sheria kinachomfungulia mwingine.

Nimewaza sana njiani. Mtu akinyamaza kwa hofu ya kukosa pa kulala, tusimhesabu kwamba ameridhika.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua ya kutwa. Nimetoa ile nakala ya hukumu ya Holaria Pastory niliyopewa kwenye mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, karatasi zimeanza kugeuka njano. Nimeisoma tena yote.

Mwanamke wa Kihaya. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Uzee ulipomfikia akakosa wa kumtunza, Agosti 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mwanaukoo mwenzake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilaya hii hii, akidai mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na kwa maandishi alikuwa na hoja. Mwaka 1963 serikali ilikusanya mila za makabila yanayofuata upande wa baba ikazitangaza kuwa sheria, Tangazo Na. 436, na kanuni ya 20 ya mirathi ikasema mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya Muleba ikampa haki yule mama. Ephrahim akakata rufaa, shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya.

Februari 1990 jaji akasema kanuni ile inapingana na Katiba, ambayo tangu 1984 ina sura ya haki za binadamu na ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Mwanamke na mwanamume wana haki ile ile ya kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza. Lakini hakuufukuza ukoo. Alisema mwanaukoo anayetaka ardhi isitoke nje anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake, kama ilivyokuwa siku zote mwanamume alipouza. Yaani ukoo ubaki na haki yake, ila iwabane wote kwa kipimo kimoja.

Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti. Maana huku mtu akitetea haki ya mwanamke anaambiwa "huyo wa Beijing". Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya Beijing nao wanalitumia neno hilo kama tusi. Mkutano wa wanawake wa Beijing ulikuwa 1995, na katibu mkuu wake, mama Gertrude Mongella, ni mtu wa Ukerewe, ziwa letu hili hili. Holaria Pastory alishinda kesi yake miaka mitano kabla. Hakutumwa na mfadhili, hakuhudhuria semina. Alikuwa mzee mwenye shamba na shida, akaenda mahakama iliyo karibu na kwake.

Nikiulizwa ni kitu gani kinanichosha katika kazi hii ya usaidizi wa kisheria, ni hicho. Haki hii ilizaliwa Muleba, na watu wa Muleba wanaiona ya kuja.

Baadaye, usiku. Nimeongeza hili kwa sababu naweza kulisahau. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuja kulisema wazi: mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Kwa hiyo binti aliyezaliwa mwaka ule amekua chini ya sheria nzuri, ameshaolewa, huenda ana watoto. Lakini tangazo la 1963 bado liko vitabuni, halijafutwa lote, na wazee wengine wanalijua kwa moyo kuliko wanavyoijua Katiba.

Jumatano, 16 Oktoba

Foleni ya kujiandikisha kwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Wanawake wengi kuliko wanaume leo asubuhi.

Mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa, mweka hazina wake, anataka kugombea uenyekiti wa kitongoji. Kijana nyuma yangu akasema, bila ubaya wowote, "Si wana kundi lao la wanawake kule kwenye halmashauri ya kijiji? Huku watuachie." Wengine wakaitikia.

Nafasi zile zilitengwa ili mwanamke apate pa kuingilia. Watu wamezipokea kama ndizo zote alizogawiwa. Na mwingine akamalizia kwa lile la kila siku: "Rais mwanamke, Spika mwanamke, mnataka nini tena?" Nikamwambia Rais hakai kwenye kikao cha ukoo wenu. Akakubali kwamba hakai.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kikao cha ukoo, kutoka saa nne mpaka karibu saa kumi. Niliitwa na shangazi mwenyewe. Wazee walikubali nikae, kwa sharti nisiseme mpaka niulizwe.

Shauri ni hili. Shangazi huyu ana miaka sabini na zaidi. Aliachika kijana, akarudi kwa baba yake, hakuolewa tena. Baba alipozeeka alimtunza yeye. Kaka zake watatu walikufa mmoja baada ya mwingine wakati wa Juliana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu, mwaka 1983, na kabla hatujajua jina lake watu waliuita Juliana. Nyumba za hapa zilibaki na bibi na wajukuu. Wajane walifukuzwa, wakiambiwa wao ndio waliowaua waume. Mashangazi walibaki, maana wao ni damu. Huyu alilea watoto wa kaka zake wote.

Mmoja wa watoto hao yuko Mwanza, anafanya biashara. Msimu huu bei ya kahawa ilipopanda kuliko tulivyowahi kuiona, akaja akauza kahawa ya kibanja kwa butura ingali mtini, akachukua fedha akarudi Mwanza. Shangazi alijua siku mchumaji alipokuja na magunia.

Wazee walikaa kwenye viti, saba. Wanawake kwenye mkeka, nyuma ya migomba. Kijana alizungumza vizuri, kwa adabu, "shangazi yangu ndiye mama yangu", lakini kibanja ni cha baba yake na yeye ndiye mwanamume aliyebaki. Mzee wa kwanza akasema kijana amekosea kutosema. Wa pili akasema ardhi ya ukoo haiendi kwa mwanamke, kwani mwanamke akifa inaenda wapi? Wa tatu akaleta hoja ya makaburi, karibu kwa maneno yale yale ya mkutano wa Septemba.

Hapo shangazi akaomba kusimama. Hakuhutubia. Akasema, "Twendeni."

Wakainuka wote, tukamfuata nyuma ya nyumba. Makaburi manane. Mawili yana saruji, sita yamezungushiwa mawe na kupandwa maua yale mekundu. Hakuna jani juu yake. Ardhi imepaliliwa juzi au jana, alama za jembe zinaonekana, na kuna ndoo ya maji pembeni na kifagio cha fito. Akaanza na la kwanza. Huyu baba yangu, saruji nilinunua mimi kwa fedha ya vitambaa. Huyu mama yangu. Huyu kaka yangu mkubwa, alikufa nikiwa nimemshika, na mwenyekiti wa kikao hiki hakuja mazikoni kwa sababu aliogopa kuambukizwa. Huyu baba yake huyu kijana. Kijana huyu alikuwa na miaka minne, nilimbeba mgongoni wakati wa kuzika. Akaenda moja moja mpaka la mwisho, ambalo ni la kitoto, na jina lake akalitaja.

Kisha akauliza: "Mnasema makaburi. Nani anayapalilia?"

Hakuna aliyejibu. Mzee mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa.

Tuliporudi kwenye viti mambo yalikwenda upesi. Kahawa ni ya shangazi, kijana arudishe fedha ya butura kabla ya Krismasi. Kijana alikubali, na alilia, nami naamini machozi yake. Mwenyekiti akasema, "Shangazi ataishi hapa mpaka mwisho wake, na hakuna wa kumgusa." Watu wakaitikia kwa furaha kana kwamba shauri limekwisha.

Shangazi akasema: "Kuishi nimekwisha kuishi. Nataka jina langu liandikwe."

Nikaulizwa sheria inasemaje. Nikasema kwa ufupi. Nikasema ukiandika jina lake na la kijana pamoja, hakuna atakayeuza bila mwenzake, na ukoo unapata ulinzi ambao leo hauna, maana leo kijana akiamua kuuza akiwa Mwanza hakuna karatasi ya kumzuia. Hilo liliwagusa. Mzee wa pili alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jina limeahirishwa mpaka kikao kijacho. Wamesema "tutatafakari". Halikukataliwa, na miaka kumi iliyopita kwenye ukoo huo huo lingekataliwa kabla shangazi hajasimama.

Jumatatu, 4 Novemba

Mdogo wangu amepiga simu kutoka Bukoba. Wapimaji wanafika upande wetu mapema mwakani, na kibanja cha marehemu baba bado hakijagawanywa. Anataka kuandikisha.

Akasema, "Dada, wewe una pensheni. Una nyumba ya mume wako. Mimi nina watoto wanne." Kila neno ni kweli. Na ndiyo hoja ninayoisikia kila wiki kwa kaka za wengine: binti ataolewa, atakuta mali huko. Sasa imefika kwangu kwa sauti ya mtu niliyemvusha mto kwenda shule.

Nilimwambia sitaki kugawa. Nataka tuandikwe wote wawili, yeye alime, avune, ajenge, nami jina langu liwepo, asiuze bila mimi wala mimi bila yeye. Akanyamaza. Akasema, "Nitakupigia."

Hajapiga. Nimeionja leo hofu ya yule mama wa kikundi aliyerudi kwa kaka yake, na afadhali nimeionja, maana ukiwashauri wengine huwezi kuijua kwa kuhadithiwa. Lakini sitarudi nyuma. Nikikaa kimya kwangu, sina mdomo wa kumwambia mtu mwingine adai.

Jumapili, 17 Novemba

Msimu wa senene umekolea, taa za mitego zinawaka juu ya kilima mpaka alfajiri. Watoto hawalali.

Jioni yule mzee wa makaburi matano alikuja nyumbani. Nilimkaribisha chai. Alikaa kitambo akiuliza habari za hali ya hewa na migomba yenye mnyauko. Kisha akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne. Anataka kumwandika binti yake, yule muuguzi wa Geita. Ndiye aliyeezeka nyumba kwa bati, ndiye anayelipa bima yake. Vijana wake wawili hawaji hata Pasaka. "Nikimwachia yule mtoto wa kiume, atauza kabla arobaini haijaisha."

Nilifurahi, nikamwambia. Nikamwuliza: na mama yake?

"Mama yake ni wa ukoo mwingine."

"Na binti yako, huko kwa mume wake, ni wa ukoo gani?"

Alikaa kimya. "Unanibana, Mwalimu."

Nilimbana, kweli. Nilimkumbusha kwamba nyumba anayoishi na mkewe ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mkewe. Nikamsimulia kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilipoamua kwamba kazi ya mwanamke ya kutunza nyumba na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Akauliza, hata kama hakununua hata msumari? Hata kama hakununua hata msumari.

Nilimwambia nitamsaidia kujaza fomu siku atakayokuja na mkewe, wakae wote wawili hapa mezani. Hakupenda. Aliaga kwa heshima akaondoka na fomu yake.

Nalifikiria jambo hili na naliona kwa wanaume wengi wa rika lake. Usawa wameshaukubali kwa binti. Binti ni damu, wamemsomesha, wamemwona akishika maisha. Mke bado wanamwona mgeni, hata awe amekaa miaka arobaini na kuzika watoto pale pale. Ndiyo maana hesabu za watu wanaosema "ndiyo" kwenye mikutano hazinishangazi wala hazinifariji. Ukitaka kujua mtu anaonaje usawa, usimwulize habari za wanawake. Mwulize habari za mke wake, halafu dada yake, halafu binti yake, moja moja. Utapata majibu matatu kutoka mdomo mmoja.

Alhamisi, 28 Novemba

Matokeo yamebandikwa. Mweka hazina wetu ameshindwa uenyekiti wa kitongoji, lakini hakushindwa kwa aibu. Kundi la wanawake limejaa. Nilikwenda kumpa pole, nikamkuta anapiga hesabu za kikundi. Amesema atagombea tena mwaka 2029.

Mwenyekiti wa ukoo amenitumia ujumbe: kikao cha shangazi ni Januari, baada ya sikukuu, na fedha ya kahawa imerudi.

Mdogo wangu amepiga, jana usiku. Amesema mke wake ndiye aliyemwambia akubali. Kwa maneno yake: "Ameniuliza, je, nikifa leo, ningependa nani awe kwenye karatasi pamoja na watoto wangu, wewe au mjomba wangu?" Tutaandikwa wote wawili. Na yeye ameahidi kwamba kipande alichonunua mwenyewe kule Kamachumu atakiandika na mkewe. Hilo sikulidai.

Yule mzee hajarudi. Nitamfuata mimi wiki ijayo, na nitamsalimu mkewe kwanza.

Asubuhi nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji na ombi la maandishi. Wapimaji watakapofika, mume na mke waitwe wote shambani, wasimame wote mpakani pamoja na majirani, na palipo na shangazi au dada anayeishi kibanjani naye aitwe. Mtu wa kamati ya uhakiki aulize kwa sauti, nani anaishi hapa na nani anapalima, na jibu liandikwe kabla ya jina lolote. Sheria haikatazi, haina gharama, na jirani hawezi kudanganya mbele ya mtu anayemwona kila siku na jembe. Mkutanoni watu huinua mikono kwa sababu swali ni la wote. Mpakani swali litakuwa la mtu mmoja aliyesimama pale.

Mtendaji amelisoma mara mbili, amegonga mhuri wa kupokea. Linaingia kwenye ajenda ya halmashauri mpya ya kijiji, Desemba.